Mhusika Pepe kama Mwalimu: Suala la Lugha na Mfano wa Changamwe

1.0 Utangulizi

Katika taaluma ya fasihi neno mhusika limezoeleka kumaanisha kiumbe anayebeba matendo ya hadithi au ya tamthilia. Katika miaka ya karibuni neno hilo limetwishwa mzigo mwingine. Mwanafunzi avaapo miwani ya uhalisia pepe, macho na masikio yake hutengwa na chumba alimo, akawa anaona na kusikia ulimwengu uliotungwa na kompyuta. Akigeuza kichwa, ulimwengu ule nao humgeukia. Humo ndani hukutana na viumbe wenye sura na sauti: mwalimu anayemwelekeza, mwenzake anayesoma naye, au hata mwanafunzi ambaye yeye mwenyewe hutakiwa kumfundisha. Hao ndio wahusika pepe.

Makala hii yakusudia kueleza jinsi wahusika wa namna hiyo wanavyoathiri ujifunzaji, na kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya athari hiyo yatokana na jinsi wanavyosema, si jinsi wanavyoonekana tu. Changamwe, katika bara ya Mombasa, imechukuliwa kuwa mfano kwa sababu mbili. Kwanza, ni mahali penye kazi za hatari ambazo mafunzo yake yangefaidika na mazingira ya kuigiza. Pili, ni mahali ambapo Kiswahili chenyewe ni cha aina nyingi, hivi kwamba swali la mhusika atasema Kiswahili gani haliwezi kuepukwa. Swali hilo lawahusu wataalamu wa lugha kabla ya kuwahusu mafundi wa kompyuta.

2.0 Istilahi

Neno pepe limeenea katika Kiswahili cha siku hizi kwa njia ya barua pepe, na wengi hulihusisha na upepo: kitu kisafiricho hewani pasipo kushikika. Kutoka hapo limepanuliwa hadi kufikia uhalisia pepe, darasa pepe na mhusika pepe. Hata hivyo, yafaa ikumbukwe kwamba Kiswahili kilikuwa na neno pepe tangu zamani, lenye maana ya punje ya nafaka isiyo na kiini. Mkulima wa mpunga apepetapo, mapepe ndiyo yaendayo na upepo, nafaka ikabaki katika ungo.

Maana hizi mbili si za kupuuzwa. Ya kwanza yasema kwamba mhusika huyu hana mwili; ya pili yauliza kama ana kiini. Utafiti wa kielimu wa miaka zaidi ya ishirini iliyopita kwa hakika umekuwa ukiuliza swali hilo la pili: je, mwalimu asiye na mwili humwongezea mwanafunzi maarifa, au ni ganda linalopendeza macho tu?

3.0 Kutoka ngano hadi kompyuta

Matumizi ya mhusika wa kubuni katika kufundisha si jambo geni. Katika ngano, Sungura na Fisi wamewafundisha watoto wa Afrika Mashariki mambo ya werevu, ulafi na malipo ya hila. Msimulizi husema "Paukwa", wasikilizaji wakajibu "Pakawa", na kwa mwafaka huo mdogo wote hukubali kwamba mnyama atasema na wao watamsadiki. Lakini nyuma ya Sungura yupo bibi anayesimulia. Huyo huziona nyuso za watoto, hujua nani amesinzia na nani hakuelewa, naye hulibadili neno au huirudia sehemu ya kisa. Mhusika hana masikio. Masikio ni ya msimulizi.

Katuni za televisheni zimemwondoa msimulizi mahali pale. Mfano unaojulikana sana katika Kiswahili ni Akili, msichana wa miaka minne anayeishi na jamaa yake chini ya mlima Kilimanjaro, aliyebuniwa na shirika la Ubongo la Dar es Salaam. Uchunguzi wa Dina Borzekowski miongoni mwa watoto wa Morogoro, uliotolewa mwaka 2018, ulionyesha kwamba watoto waliotazama vipindi vyake walipata maendeleo kuliko wenzao waliotazama vipindi vingine. Huko Tanga nako, katika mashindano ya Global Learning XPRIZE yaliyomalizika mwaka 2019, watoto wa vijiji karibu 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili ili wajifunze kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu. Hata hivyo katika kila kijiji aliwekwa mama wa kuvitunza vifaa na kuvitia umeme. Mtu hakuondoka kabisa.

Hatua iliyofuata ilikuwa kumpa mhusika uwezo wa kujibu. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, wa Marekani, alieleza programu yake iliyoitwa ELIZA, ambayo haikuwa na sura wala sauti. Iliyapokea maneno ya mtu kwa maandishi na kumrudishia kwa namna ya swali. Weizenbaum alishangaa kuona watu wakiifungulia moyo. Katibu wake mwenyewe, ambaye alijua fika kwamba ile ni mashine, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani. Miaka thelathini baadaye, mwaka 1996, Byron Reeves na Clifford Nass walikusanya majaribio mengi na kuhitimisha kwamba watu huitendea kompyuta kama wanavyowatendea watu wenzao, pasipo kukusudia. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba ELIZA ilifanywa mtu na maneno peke yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Jeff Rickel na W. Lewis Johnson, wa Chuo Kikuu cha Southern California, walimwingiza mwalimu wa namna hii katika uhalisia pepe. Jina lake lilikuwa Steve, na kazi yake ilikuwa kufundisha uendeshaji wa mitambo ya meli. Steve alisimama karibu na mtambo, akaonyesha hatua kwa kidole na kwa mtazamo wa macho, akaeleza sababu ya kila hatua, kisha akajitenga kando ili mwanafunzi ajaribu. Mwanafunzi alipokwama aliweza kumuuliza afanye nini na kwa nini. Kazi iliyohitaji watu kadhaa iliwezekana pia, kwa kuwa Steve aliweza kushika nafasi ya mtu asiyekuwapo.

4.0 Sura ya mhusika na mipaka yake

Ingedhaniwa kwamba kadiri ulimwengu pepe unavyofanana na ulimwengu halisi, ndivyo ujifunzaji unavyozidi. Matokeo hayakubali hivyo moja kwa moja. Guido Makransky, Thomas Terkildsen na Richard Mayer, katika utafiti wa mwaka 2019, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu somo la maabara. Waliovaa miwani walijiona wamo hasa ndani ya maabara kuliko waliotazama kioo cha kompyuta, lakini walijifunza kidogo kuliko hao. Wingi wa mambo ya kutazama huishughulisha akili. Kujiona umo si sawa na kuelewa.

Mhusika naye ni miongoni mwa mambo ya kutazamwa, kwa hiyo aweza kusaidia au kuzuia. Katika uchunguzi wa Gustav Petersen, Aske Mottelson na Makransky wa mwaka 2021, watu 161 walizuru maonyesho pepe kuhusu virusi. Baadhi yao waliongozwa na mhusika ambaye sura yake na mwenendo wake vilibadilishwa kutoka kundi hadi kundi. Ilionekana kwamba sura na mwenendo huo viliathiri kiasi cha mambo waliyoyakumbuka. Na katika kuelewa dhana, athari ya sura ilitegemea mwenendo ulioambatana nayo. Yaani sura ya kibinadamu haifai kupimwa peke yake. Jambo hili lakaribiana na onyo la Masahiro Mori, mtaalamu wa Japani, aliyeeleza mwaka 1970 kwamba sanamu inayokaribia mno kufanana na mtu, lakini ikapungukiwa kidogo, huleta kitisho badala ya mapenzi.

Uhusiano wa mwanafunzi na mhusika waonekana kuwa na uzito zaidi. Makransky, Philip Wismer na Mayer waliwafundisha wanafunzi 66 wa shule somo la sayansi ndani ya uhalisia pepe, wengine wakiongozwa na Marie, mwanasayansi kijana wa kike, wengine wakiongozwa na chombo kidogo kirukacho. Wasichana walifanya vizuri zaidi kwa Marie, wavulana kwa kile chombo. Jeremy Bailenson na wenzake, mwaka 2008, walikuwa wameonyesha kwamba hata wanafunzi pepe walioketi darasani wana athari: wakiwa wasikivu au wakiwa watundu, mwanafunzi halisi aliye kati yao hubadilika katika kujifunza kwake. Mwanafunzi huangalia nani yumo pamoja naye, na kama mtu huyo ni wa kwao.

5.0 Kauli ya mhusika

Ndipo swali la lugha linapojitokeza. Utafiti juu ya kauli za walimu wa kidijitali, ambao sehemu yake kubwa umefanywa kwa kioo cha kompyuta na si kwa miwani, umetoa matokeo matatu ambayo mwanaisimu wa Kiswahili hapaswi kuyapita.

La kwanza ni sauti. Mwaka 2003 Mayer na wenzake waliwasikilizisha wanafunzi wa Marekani maelezo yale yale kwa sauti mbalimbali. Walioelezwa kwa matamshi waliyoyazoea walifanya vizuri kuliko walioelezwa kwa matamshi ya kigeni, na sauti ya mtu ilishinda sauti ya mashine.

La pili ni nafsi. Roxana Moreno na Mayer walionyesha mwaka 2000 kwamba maelezo yanayomwelekea mwanafunzi kwa nafsi ya kwanza na ya pili humfanya aweze kuyatumia maarifa katika tatizo jipya kuliko maelezo yasiyomlenga mtu.

La tatu ni adabu. Katika utafiti wa Ning Wang na wenzake wa mwaka 2008, wanafunzi walijifunza uendeshaji wa kiwanda cha kuigiza. Mwalimu mmoja wa kidijitali alitoa amri waziwazi. Mwingine alitoa maelekezo hayo hayo kwa upole, kama shauri au kama kazi ya pamoja. Waliofundishwa kwa upole walijifunza zaidi.

Katika Kiswahili mambo haya matatu hukutana ndani ya kitenzi kimoja. Tuchukue mhusika anayemfundisha kijana kazi ya matangi ya mafuta:

(a) Funga vali.
(b) Tufunge vali kwanza.
(c) Waonaje tukaifunga vali kwanza?

Maana ya kazi ni ile ile, lakini (a) ni amri, (b) humweka mwalimu na mwanafunzi katika kazi moja kwa kiambishi tu-, na (c) humwachia mwanafunzi heshima ya kutoa shauri. Vivyo hivyo katika kusahihisha: "Umekosea" hulitwika kosa juu ya mtu mmoja, ilhali "Hapo tumeteleza, hebu turudi nyuma" huligawa. Wala haimaanishi kwamba upole wafaa kila mahali. Moto uwakapo, (a) ndiyo kauli ya haki, na mhusika anayesema (c) atakuwa anafundisha hatari. Mwenye kutunga kauli za mhusika hana budi kujua mpaka huo, na mpaka huo haujulikani kwa kutafsiri kauli za Kiingereza neno kwa neno.

Yapo pia majina ya kuitana. Kijana wa Pwani hamwiti mtu mzima kwa jina lake tupu. Husema mzee, mama, bi, maalim au fundi, kulingana na mtu na mahali. Mhusika mwenye sura ya mwanamke wa makamo anayejitambulisha kwa jina tupu, kisha akataka aitwe hivyo, amekwisha kumwondoa mwanafunzi katika adabu zake kabla ya somo kuanza. Hata mtazamo wa macho una sarufi yake. Mtoto aliyelelewa kutomkazia macho mkubwa wake aweza kuhesabiwa na mashine kuwa hasikilizi, kumbe yuasikiliza kwa heshima.

6.0 Mfano wa Changamwe

Wachangamwe ni mmojawapo wa Miji Mitatu, pamoja na Wakilindini na Watangana. Miji Mitatu na Miji Tisa ndiyo iliyounda Miji Kumi na Miwili ya Waswahili wa Mombasa. Lugha yao ni ya jamii ya Kimvita, na jirani zao wa Jomvu wana lahaja yao ya karibu, Chijomvu, ambayo H. E. Lambert aliichunguza mwaka 1958 pamoja na Kingare kuwa lahaja ndogo za eneo la Mombasa.

Lakini Changamwe ya leo si ya wenyeji peke yao. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 ilivuka kuingia bara hapo. Kiwanda cha kusafisha mafuta kilifanya kazi kuanzia mwaka 1963 hadi 2013. Kituo cha pili cha makontena kilifunguliwa Kipevu mwaka 2016, na gati jipya la mafuta mwaka 2022. Uwanja wa ndege uko Port Reitz. Kazi hizi zimewaleta Chaani, Magongo na Mikindani Wamijikenda, Wataita, Wakamba, Wajaluo, Waluhya na wengine. Hivyo mtoto wa hapo huishi kati ya Kiswahili cha aina tatu: Kimvita cha wenyeji, Kiswahili sanifu cha shule, na Kiswahili cha kazini na mitaani kilichochanganyika na lugha nyingine.

Ni dhahiri kwamba mahali kama hapa pana haja ya mafunzo ya kuigiza. Kreni, tangi la mafuta na lori la mizigo ni vitu ambavyo kosa la kwanza juu yake laweza kuwa la mwisho. Ndani ya uhalisia pepe kosa hilo laweza kufanywa, likaelezwa, likarudiwa. Lakini Steve wa Kipevu atasema Kiswahili gani? Na jambo lililo zito zaidi: atasikia Kiswahili gani?

Tofauti baina ya Kimvita na Kiswahili sanifu zajulikana: nti kwa nchi, mato kwa macho, ndia kwa njia, mtele kwa mchele, kutukua kwa kuchukua, yuwaja kwa anakuja. Katika sauti, Kimvita hutenganisha t ya meno na t ya ufizi, na hutenganisha vipasuo vyenye mpumuo na visivyo nao, kama katika paa la nyumba na p'aa, yaani mnyama. Hati ya kawaida ya Kiswahili haionyeshi tofauti hizo. Mtoto akisema "Ndoo utukue", naye akusudia "Njoo uchukue", mashine iliyofunzwa Kiswahili sanifu pekee italisikia neno ndoo kuwa chombo cha maji, na kutukua kuwa kosa. Mwalimu wa kibinadamu wa Changamwe hujua kwamba ndivyo asemavyo nyanya wa mtoto huyu. Huamua, kwa busara yake, ama kumwachia ama kumwonyesha umbo la sanifu. Mhusika pepe hana busara hiyo ila aliyotiwa. Atamwambia amekosea, kwa sauti ile ile, kila siku, na kwa kila mtoto wa nyumba ile. Mwalimu asiyechoka akikosea, hukosea bila kuchoka.

Uamuzi wa mwaka 1928 hapo hapo Mombasa, wa kuifanya Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na kazi ya kamati iliyoundwa mwaka 1930 kuusimamia, uliiletea lugha faida kubwa ya vitabu na shule. Lakini uamuzi ule uliwahusu waandishi na wachapaji. Nyumbani Kimvita kiliendelea, na mashairi yakaendelea kutungwa kwacho. Mhusika pepe huingia katika mazungumzo yenyewe, mahali ambapo usanifishaji haukupata kufika kwa nguvu namna hiyo.

Huenda ikajibiwa kwamba kazi ya shule ni kufundisha Kiswahili sanifu, na kwamba mzazi ampelekaye mtoto shuleni ataka afaulu mtihani. Hoja hiyo ni ya haki, lakini yachanganya mambo mawili. Kusikia lahaja si sawa na kuifundisha. Mhusika wa somo la Kiswahili aweza kusema sanifu, na huku akatambua kwamba "mato" ni neno kamili la Kiswahili, akamwambia mtoto: "Nyumbani twasema mato, katika mtihani tutaandika macho." Katika masomo mengine sharti hilo halipo hata kidogo. Nchini Marekani, Samantha Finkelstein, Justine Cassell na wenzao walichunguza mwaka 2013 watoto weusi waliokuwa wakizungumza sayansi na mtoto mwenzao wa kidijitali. Watoto walionyesha uwezo mkubwa zaidi wa sayansi pale mwenzao huyo alipoitumia lahaja yao tangu mwanzo hadi mwisho. Nao waliobuni wahusika wa kuwafundisha askari wa Marekani Kiarabu walichagua Kiarabu cha Iraki kinachosemwa na watu, si cha vitabuni, kwa sababu mwanafunzi alihitaji kuelewana na watu.

Kuna hatari nyingine iliyo kinyume cha hii. Lahaja yaweza kuingizwa ikapewa mpishi, mlinzi au mchekeshaji peke yake, huku mhandisi na daktari wakisema sanifu. Hapo mtoto wa Changamwe atajifunza somo lisilo katika muhtasari wa masomo: kwamba lugha ya kwao ni ya kuchekesha.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba mhusika pepe aweza kumsaidia mwanafunzi au kumzuia, na kwamba msaada wake hutegemea uhusiano anaoujenga kwa kauli yake. Matokeo mengi yaliyotajwa yametoka Marekani na Ulaya. Hayawezi kuhamishwa Pwani bila kupimwa. Hata hivyo yatosha kuonyesha mahali pa kuanzia.

Kwanza, kauli za wahusika wa Kiswahili zitungwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, na watu wanaoijua adabu ya mahali. Pili, sauti za wasemaji wa Kimvita, Chijomvu na Kiswahili cha kazini zirekodiwe kwa idhini yao, kwa kuwa kazi za Sacleux ya mwaka 1909, Stigand ya mwaka 1915 na Lambert ni za maandishi, na mashine haifunzwi kusikia kwa maandishi. Tatu, yafaa ijaribiwe njia ya kumfanya mhusika awe mwanafunzi. Kumekuwa na programu iitwayo Betty's Brain, ambamo mtoto humfundisha mhusika. Na utafiti wa Catherine Chase na wenzake wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba watoto hujitahidi zaidi kujifunza kwa ajili ya mwanafunzi wao kuliko kwa ajili yao wenyewe. Mhusika aliyefika Changamwe asijue Kimvita, akawaomba watoto wamfundishe, angewaweka katika nafasi ya wajuzi wa lugha yao.

Msimulizi wa ngano alikuwa na masikio kabla ya kuwa na kinywa. Mhusika pepe amepewa kinywa kwanza. Kumpa masikio yanayokielewa Kiswahili kama kinavyosemwa ni kazi ya isimu, na yapasa ifanywe kabla programu hizo hazijaingia shuleni na bandarini, si baada yake.